Mwanzilishi mwenye majina mawili: unaanzia wapi kumwandika?

Juzi kijana mmoja anayefanya kazi redioni hapa Kigoma alinikuta Mwanga nikila ugali wa muhogo na mgebuka, akaweka karatasi kando ya sahani. Tangazo la semina: siku mbili ukumbini, unatoka mtu mpya. "Mwalimu, nataka kuandika maisha ya mwanzilishi wake. Nianze na mafundisho yake?"

Nikamwambia aanze na jina.

Kazi yangu ni kuchunguza maisha ya watu na kuyaandika, na mfano ninaopenda kufundishia ni wa Mmarekani Werner Erhard, mwanzilishi wa semina za namna hiyohiyo. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1935, akaitwa John Paul Rosenberg. Akaoa, akapata watoto wanne, akawa muuza magari. Mwaka 1960 akamwacha mkewe na watoto, akapanda ndege na mwanamke mwingine. Humo ndani akasoma makala ya gazeti kuhusu Ujerumani, akachomoa majina mawili: Werner la mwanafizikia Heisenberg, na Erhard la Ludwig Erhard, waziri wa uchumi. Aliposhuka alikuwa mtu mwingine. Familia aliyoiacha ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kujua aliko.

Oktoba 1971, San Francisco, akaanzisha mafunzo yaliyoitwa est. Yalikuwa ya saa 60, wikiendi mbili, mamia ya watu katika ukumbi wa hoteli, saa za mkononi wamevuliwa, kwenda chooni kwa ratiba. Mkufunzi aliwatukana, aliwabana, mpaka waseme wameelewa kwamba maisha yao wameyatengeneza wenyewe. Hadi 1984 walikuwa wamepita watu wapatao 700,000. Hao hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wasomi, na wako walioapa kwamba ndoa zao zilipona pale.

Mwandishi mchanga akisikia habari ya kuikimbia familia, anadhani ameshapata siri. Hajapata kitu. Kisa cha ndege Erhard alikisimulia mwenyewe, na kimo katika wasifu wa mwaka 1978 ulioandikwa na mwanafalsafa aliyekuwa amepitia mafunzo hayo. Tena kisa hicho kilimnufaisha, ni kama kusema: "Nilikuwa mwongo, nikajibadilisha, nawe lipa uje ubadilike." Kwa wauza semina kama hizi, maisha ya mwanzilishi ni sehemu ya bidhaa. Kwa hiyo usiulize tu kama kisa ni cha kweli. Uliza nani yumo ndani ya kisa hicho bila kupewa nafasi ya kusema. Mke. Watoto. Karani aliyepokea pesa.

Sisi tulio jirani na Ujiji tungepaswa kulijua hili mapema. Yule aliyekutana na Livingstone pale mwaka 1871, miaka mia kamili kabla ya est, naye hakuzaliwa Stanley. Alikuwa John Rowlands, mtoto wa Wales aliyelelewa katika nyumba ya mafukara, akajitangaza Mmarekani. Watalii hupiga picha kwenye mnara. Wachache wanajua kwamba kurasa za shajara yake zinazohusu mkutano ule zilichanwa. Basi ile salamu yake maarufu, "Daktari Livingstone, nadhani?", tunaikariri kwa imani tu.

Ila kuna shimo upande wa pili pia. Machi 1991 televisheni ya CBS ilirusha kipindi ambamo binti yake Erhard alimtuhumu kwa mambo mazito ya kifamilia. Erhard alikanusha. Baadaye binti akayafuta maneno yake, na CBS ikakiondoa kipindi. Kulikuwa na madai ya kukwepa kodi pia; akaishtaki mamlaka ya kodi ya Marekani kwa kumsema vibaya, na mwaka 1996 akalipwa dola 200,000. Ukiandika tuhuma ukaacha kilichofuata, wewe nawe umechana kurasa.

Mimi namhukumu kwa kile alichokitangaza hadharani. Mwaka 1977 alishiriki kuanzisha mradi wa kumaliza njaa duniani ifikapo 1997, na miaka ya mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kuwafanya watu waamini kwamba njaa inaweza kwisha. Hiyo 1997 ilipofika, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hapa mkoani ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu, na watu kutoka Kongo wamepanga foleni ya unga.

Kijana aliandika yote haya, kisha akauliza swali ambalo wengi hawaulizi: katika aya ya kwanza amwite nani? Nikamwambia amwite Rosenberg mpaka ndege itue. Akakunja lile tangazo, akaniuliza kama namfahamu mtu aliyesoma na huyu mwanzilishi wa kwetu shule ya msingi.