Juni si Oktoba: kuandika nyumbani Tabora wakati wa kiangazi

Katika tafsiri, majira ya joto ya Ulaya huitwa kiangazi. Nimeliandika neno hilo mara nyingi na kila mara linanisumbua, kwa sababu kiangazi chetu hapa Tabora kinaanza na baridi. Juni na Julai, alfajiri, naandika nikiwa nimejitanda kitenge mabegani na soksi miguuni. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku usio na wingu joto la ardhi lote linapaa. Joto lenyewe linakuja Septemba, likafika kileleni Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Mwandishi wa kujitegemea akiipanga miezi hiyo mitano kama msimu mmoja, ataumia. Mimi niliumia miaka miwili ya mwanzo.

Nianze na pesa, maana ndiyo inayoamua kama utaendelea kuandika au utarudi kutafuta ajira. Mwaka wa fedha wa Serikali unaishia 30 Juni, na wengi wanaofanya kazi na halmashauri wanakwenda na kalenda hiyohiyo. Kuanzia katikati ya Mei simu zinalia: ripoti ihaririwe, kijarida kitafsiriwe, habari za wanufaika ziandikwe, na vyote vinatakiwa kabla bajeti haijafungwa. Julai ni kimya. Agosti ni kimya zaidi kwa sisi wenye wateja Ulaya, kwani wahariri wengi wa kule wako likizo na barua pepe ya leo inajibiwa Septemba. Kwa hiyo pesa ya Juni si ya Juni peke yake. Igawe mafungu matatu siku ileile inapoingia, kabla hujatoa hata mchango wa harusi. Mteja wa hapa nchini akikukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, dai cheti chake, kwa kuwa kiasi hicho kinahesabiwa kuwa kodi uliyokwisha kulipa.

Mwaka mmoja nilimaliza kijitabu cha kurasa 40 mwishoni mwa Juni bila malipo ya awali. Ofisi iliyonipa kazi ikafunga hesabu zake, ofisa niliyekuwa nikiwasiliana naye akahamishwa, na ankara yangu ikakaa mezani kwa mtu hadi Novemba. Nilikopa ada ya mtoto. Tangu hapo siandiki sentensi ya kwanza kabla nusu ya malipo haijaingia, hata mteja awe rafiki wa tangu shuleni, na sioni aibu kulisema hilo kwenye simu ya kwanza kabisa.

Kuna jambo moja la miezi hii linalotusaidia. Uingereza wanasogeza saa mbele, tofauti kati yetu ikapungua kutoka saa tatu hadi mbili. Mhariri wa London akiingia ofisini saa tatu asubuhi yao, kwetu ni saa tano, nami niliyeanza saa 11 alfajiri ninakuwa na rasimu nzima.

Lakini asubuhi hiyo ni yako pale tu watu wa nyumbani na majirani wanapojua kwamba ni ya kazi. Juni watoto wako likizo. Mavuno yameingia, jua ni la kuanika, na ua wa jirani yangu umejaa mikeka ya michembe na matobolwa. (Kwa msomaji wa mbali: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza.) Bibi huyo, tukishamaliza kuamkiana, alikuwa akiniambia, “Mama Zawadi, si upo tu hapo? Niangalizie kuku wasipande mkekani.” Nilimheshimu, nikaangalia kuku, na makala zikachelewa. Kumweleza kwamba niko kazini hakukusaidia, maana kwake kazi ni kutoka. Siku moja nikamwambia, “Bibi, mimi nalipwa kwa neno, kama tumbaku inavyolipwa kwa kilo. Nikisimama, mzani nao unasimama.” Yeye na marehemu mumewe walilima tumbaku miaka mingi. Alinitazama, akasema, “Basi kaa mwanangu, pima,” na tangu siku hiyo ndiye anayewafukuza wanaokuja kuniita kabla ya saa sita. Nasimulia haya kwa sababu nimeona vijana wengi wakigombana na familia zao juu ya “upo nyumbani tu”, wakati kinachokosekana ni mfano ambao msikilizaji anaujua.

Harusi nazo ni za kiangazi, baada ya mauzo ya mazao. Changia, hudhuria, lakini usikubali ukatibu wa kamati. Watu wanamwona mwandishi ndiye wa kuandika mihtasari, na vikao ni vingi kuliko unavyodhani.

Sasa joto. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na ndipo ninapoombwa ushauri na wanaoanza.

Tabora iko digrii 5 kusini mwa ikweta. Juni jua liko upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini linapata mwanga na vuguvugu, na meza yangu inakaa hapo. Kila siku linasogea. Wiki ya kwanza ya Oktoba, adhuhuri, linakuwa utosini kabisa, kisha linahamia kusini hadi Machi. Maana yake ni kwamba Oktoba adui hayuko dirishani, yuko juu ya bati. Bati lisilo na dari linakumwagia joto kichwani moja kwa moja. Dari linaacha nafasi ya hewa katikati, na nafasi hiyo ikiwa na matundu ya kutolea hewa, joto kubwa linaishia juu. Niliweka dari chumba kimoja tu, cha kuandikia miezi ya joto, kabla ya kununua kompyuta bora. Ningekuwa naanza leo ningefanya hivyohivyo.

Tuna bahati ya saa pia. Saa yetu ni ileile ya Dar es Salaam, ila sisi tuko mbali magharibi, jua linatufikia kama dakika 25 baadaye. Juni linachomoza karibu na saa moja kamili. Kwa hiyo ubaridi wa asubuhi unadumu hadi saa nne na zaidi, na joto kali linabana kuanzia saa nane hadi jioni. Muda huo siandiki kitu kipya. Nasikiliza mahojiano niliyorekodi na kuyanakili, nahakiki majina na tarakimu, naandaa ankara. Usiku nyumba ya tofali inaendelea kutoa joto iliyolihifadhi mchana, ndiyo maana natoka kukaa nje.

Feni haipoozi hewa, inaisukuma tu. Lakini hewa ya kiangazi ya Tabora ni kavu, na maji yanapokauka yanaondoka na joto. Mtungi wa udongo unafanya kazi hivyo: maji yanapenya kidogokidogo, yanakauka nje, ya ndani yanapoa. Nikitundika kitenge kibichi dirishani upepo unapoingilia, chumba kinabadilika ndani ya dakika chache. Dar es Salaam, penye hewa yenye unyevu mwingi, mbinu hii haikupi nafuu kama hiyo. Kitundike mbali na kompyuta.

Kompyuta yenyewe ikipata joto inapunguza kasi ili isiungue, na betri inachakaa upesi ikiwa moto huku imejaa chaji. Mimi nachomoa kwenye asilimia 80, nimeiinua juu ya vipande viwili vya mbao hewa ipite chini, na kila Jumamosi nasafisha vumbi kwenye matundu yake kwa brashi laini ya rangi, ikiwa imezimwa. Agosti, upepo unapovuma, vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari.

Daftari langu linaonyesha makala ya maneno 1,500 inanichukua siku mbili Juni na siku tatu Oktoba. Kwa hiyo Oktoba namwambia mteja siku tatu, na bei inazihesabu zote tatu.

Nayaandika haya mwisho wa Septemba, saa mbili usiku, chini ya mwembe wa uani. Maembe bado ni madogo, mabichi. Meza iko palepale kwenye dirisha la kaskazini, na kesho asubuhi, kabla ya kazi, Zawadi atanisaidia kuihamishia chumba chenye dari.