Darajani Pasipo na Daraja

Wageni wakishuka Darajani huuliza daraja liko wapi. Huwa nawaambia: hapo uliposimama ndipo maji yalipokuwa yakipita.

Kazi yangu ni mitaro na maji ya mvua, na barabara iliyonifundisha kuliko darasa lolote ni Creek Road hapa Unguja mjini, ambayo kwenye ramani sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Kutoka Malindi hadi Mnazi Mmoja haifiki kilomita mbili, lakini sehemu kubwa imelala juu ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Bahari iliingilia Funguni, ikapita nyuma ya Mji Mkongwe, ikaishia karibu na Mnazi Mmoja. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, likipanda sana, hata ile shingo nyembamba ya ardhi upande wa kusini ilifunikwa, na mji ukawa kisiwa. Waliokaa upande wa pili wa maji wakawa watu wa Ng'ambo. Jina limebaki, ingawa siku hizi kinachovukwa pale ni msururu wa magari tu.

Mimi kabla ya kuchimba shimo la kupima udongo husoma kwanza majina ya mitaa. Funguni ni penye fungu la mchanga. Mchangani halihitaji maelezo. Vikokotoni limebeba kokoto zake. Kisiwandui, kama wazee wanavyosimulia, kilikuwa kisiwa walikotengwa wagonjwa wa ndui. Leo pamezungukwa na maduka na nyumba, na kijana wa pale ukimwambia palikuwa kisiwa atakucheka. Wazee wetu walishapima udongo, tena bila ya kulipwa.

Soko la Darajani lilipojengwa mwaka 1904, hori lilikuwa bado likijaa na kupwa. Ufukiaji ulianzia kusini, mwanzoni mwa karne ya 20, na upande wa kaskazini ukamalizika miaka ya 1950. Sababu iliyosemwa kwa sauti ilikuwa afya: matope, mbu, harufu. Sababu hiyo siikatai, kwa kuwa hori lililogeuka jalala ni balaa. Lakini wakoloni walipenda pia kuwe na uwazi kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, watu wa namna hii wakae huku na wa namna ile wakae kule. Maji yalipoondoka, barabara ikashika kazi ya mpaka.

Sasa tuje kwenye udongo. Mji Mkongwe, kwa sehemu kubwa, umekaa juu ya mchanga na mwamba wa matumbawe. Hatua chache mashariki, chini ya kifusi, kuna tope jeusi la hori, lenye makombe na harufu ya mayai viza. Tope hilo limeshiba maji kama sifongo. Ukilitwika kifusi, lami na malori, maji hukamuka polepole, miaka nenda miaka rudi, na ardhi inatitia. Ingekuwa inatitia sawasawa, nisingelalamika. Matata yako pale mwamba unapokutana na tope: upande mmoja umesimama, wa pili unashuka, na bomba lililokatiza katikati linavutwa kwenye kiungo mpaka linavuja. Fundi ataziba leo, na mwakani utamkuta palepale.

Juu ya hayo kuna bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja ni karibu mita 4. Mtaro unategemea mteremko, na hapa ni tambarare kama sinia. Bahari ikipanda juu ya mdomo wa mtaro, mvua ya masika haina pa kwenda. Unaweza kuweka mlango wa chuma unaofungukia nje tu, ukazuia bahari isirudi ndani. Sawa, lakini mvua nayo inabaki imefungiwa humo humo, ikisubiri maji yapwe. Na chupa moja ya plastiki ikibana kwenye mlango, hata hiyo faida ndogo imekwenda.

Haya sikuyajua nilipoanza kazi. Mtaro wangu wa kwanza eneo lile niliupigia hesabu ya mvua peke yake, na kwenye karatasi ulipendeza. Siku moja ya mwezi mpevu, jua linawaka, hakuna hata wingu, maji yakachomoza kwenye kifuniko mbele ya duka moja. Nikaanza kumweleza mwenye duka kwamba pengine imenyesha sana huko mashamba. Mzee akanyoosha kidole. Kaa mdogo alikuwa anakatiza juu ya lami.

"Mwanangu, mvua haina kaa."

Ndipo nikatazama kizingiti cha duka lake. Kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali mawili, na saruji yake ilishazeeka.