Kidonge na kibandiko cha homoni si kitu kimoja

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: eti homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi hugandisha damu, ziwe za kidonge, kibandiko au jeli. Si hivyo.

Estrojeni, homoni kuu katika tiba hii, ikimezwa hupitia kwanza kwenye ini, nalo huchochewa kutengeneza zaidi protini za kugandisha damu. Ndiyo maana vidonge huongeza kidogo hatari ya damu kuganda. Ya kibandiko au jeli hupenya ngozi na kuingia moja kwa moja kwenye damu, na kwa dozi za kawaida hatari haijaonekana kuongezeka. Hata hivyo, na hili wengi hulisahau, mwenye mfuko wa uzazi anayetumia kibandiko bado anahitaji projestojeni, homoni nyingine, ili kuukinga ukuta wake wa ndani dhidi ya saratani.

Mkanganyiko unaeleweka. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu homoni hizi, uliotangazwa mwaka 2002, ulihusu vidonge, na karatasi za ndani ya paketi mara nyingi hurudia onyo lilelile kwa aina zote. Muulize daktari au mfamasia: onyo hili limetokana na aina ipi?

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Yupo mama anayekesha kwa joto na jasho, na ameshaogopa hata kuuliza.