Koni barabarani na hukumu za kwenye foleni

Foleni ya Dar es Salaam haikosi wataalamu. Njia moja ikizibwa kwa koni, kabla daladala haijasogea, abiria wameshatoa hukumu. Nyingine ni za haki kabisa, nyingi ni uonevu.

"Hakuna hata fundi mmoja, si wafungue tu!"

Hii ndiyo inayosikika zaidi, na ndiyo iliyokosea zaidi. Zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Linakomaa kwa sababu saruji inashikana na maji, na likinyimwa maji mapema linapasuka na kutoa vumbi juu. Ndiyo maana unakuta limefunikwa magunia yaliyolowa, na kijana mmoja tu na mpira wake wa maji, saa saba mchana. Jua unalodhani linasaidia ndilo adui. Kwa saruji ya kawaida, siku ya 7 zege limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake. Nguvu inayotakiwa hupimwa siku ya 28, kwa kuvunja vipande vya mchemraba maabara. Si lazima njia ifungwe siku zote hizo, na mchanganyiko wa kukomaa haraka upo, ila bei yake ni nyingine. Njia za mabasi ya mwendokasi za Barabara ya Morogoro ni za zege, kwa hiyo usishangae kiraka cha pale kikizibiwa njia kwa siku kadhaa.

Lami moto ndiyo yenye haraka: inatandazwa ikiwa na nyuzi joto 150 hivi, inashindiliwa kabla haijapoa, na ikipoa magari yanapita siku hiyo hiyo. Kinachochelewesha ni kilicho chini yake. Yale mafuta meusi yanayomwagwa juu ya kokoto iliyoshindiliwa si lami yenyewe. Yanaachwa yapenye, mara nyingi siku nzima au zaidi. Ukipita mapema unaondoka nayo kwenye matairi.

"Shimo la mita mbili, koni mita hamsini!"

Koni zinapangwa kwa mwendo wa magari, hazifuati ukubwa wa shimo. Kwa kanuni inayotumika Marekani, kufunga njia ya upana wa mita 3.5 penye mwendo wa kilomita 50 kwa saa kunataka mshazari wa koni wa kama mita 56, kabla hata hujamfikia fundi.

"Kazi iko pembeni, barabara mnaizibia nini?"

Kwa sababu waenda kwa miguu wanahitaji pa kupita. Ukichimba njia yao bila kuwapa kipande cha barabara kilichozungushiwa koni, watashuka wenyewe katikati ya bodaboda. Kwangu mimi, kosa kubwa mjini ni hapa: tunakasirikia njia inayofungwa kwa ajili ya watembeao, halafu tunanyamaza wanapoachwa bila njia yoyote.

"Anayesubiri hadi kwenye koni ndiyo aingie ni mhuni."

Magari yakishakuwa yanatambaa, kutumia njia zote mbili hadi mwisho na kupishana mmoja mmoja kunafupisha mkia wa foleni. Ujerumani imeliweka hilo kwenye sheria. Ila kutanua, yaani kupita nje ya lami ukiwapita wote, hakumo humo. Usijifiche hapo, dereva.

"Lami ya juzi, leo wanachimba. Ulaji tu!"

Nusu kweli. Barabara ni ya TANROADS au TARURA, bomba ni la DAWASA, waya ni wa TANESCO, na kila mmoja ana bajeti yake. Bomba likipasuka halingoji ratiba. Lakini bomba jipya lililopangwa tangu mwaka jana lingeweza kulazwa kabla ya lami, na hapo lawama ni halali. Ni halali pia mtaro unapojazwa udongo wote kwa mkupuo mmoja badala ya kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila moja sentimita 15 au 20 hivi. Masika yakija unatitia, na koni zinarudi pale pale.