Gitaa Ulilo Nalo na Gitaa Unalolitafuta: Dhana Potofu na Ukweli

Mpigaji gitaa wa Lubumbashi anapoanza kuzunguka madukani kutafuta gitaa lingine la akustika, kwa kawaida lile lililo nyumbani ameshalihukumu: sauti yake imefifia, shingo yake ni ngumu, au nyuzi zake zinakwaruza. Hukumu hiyo mara nyingi hujengwa juu ya maneno yanayorudiwa kwenye kwaya na katika vikundi vya mtaani, na mengi kati yake hayasimami yakichunguzwa.

Dhana: Gitaa la dukani lina sauti nzuri kuliko langu, kwa hiyo ni bora kuliko langu.

Huenda kweli ni bora, lakini ulinganisho huo haukuwa wa haki. Nyuzi nene za gitaa la akustika ni chuma kilichozungushiwa waya wa aloi ya shaba, na jasho la vidole pamoja na vumbi vinapojaa katikati ya mizunguko hiyo, sauti hupoteza mng'ao wake kidogo kidogo hata mwenyewe asitambue. Gitaa la dukani likiwa na nyuzi ambazo hazijachakaa, huku lako likiwa na nyuzi za mwaka juzi, unacholinganisha hapo ni nyuzi. Tena duka lenye sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha sauti, ilhali chumba chenye godoro na mapazia huimeza. Nunua kwanza nyuzi mpya, zifunge kwenye gitaa lako, kisha libebe hadi dukani na umwombe mtu ayapige yote mawili huku wewe umegeuka. Sauti ya gitaa huelekea mbele, kwa hiyo anayepiga huisikia tofauti na anayesikiliza.

Dhana: Nyuzi zikianza kukwaruza, gitaa limekufa.

Kwa hali ya hewa ya Katanga, dhana hii inawagharimu watu fedha kuliko nyingine zote. Watengenezaji wengi hupendekeza gitaa litunzwe penye unyevu wa hewa wa takriban asilimia 45 hadi 55. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, mvua hukatika kwa miezi kadhaa ya kiangazi, na kufikia Septemba hewa huwa kavu mno. Mbao hupoteza maji na kusinyaa, ubao wa mbele hushuka kidogo, nyuzi huikaribia shingo, na ndipo mkwaruzo unapoanza. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa shingo mwezi huo: ukihisi ncha za freti, vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa shingoni, zinachoma, ujue kwamba chuma hakikukua, ni ubao uliosinyaa ukakiacha nje. Mvua zikishika, Desemba na Januari, mambo hugeuka. Ubao huvimba, nyuzi hupanda, na mtu yuleyule aliyelalamikia mkwaruzo sasa analalamika kwamba vidole vinamuuma.

Gitaa hilo halihitaji mrithi. Linahitaji kukaa ndani ya kasha lake pamoja na kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, chenye sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, katika miezi yote ya ukavu. Nyuzi zikibaki juu hata hivyo, fundi anaweza kuusugua kwa chini ule mfupa unaokaa kwenye daraja, yaani kile kipande kilichogundishwa kwenye ubao wa mbele ambapo nyuzi hufungwa. Ukipunguzwa milimita 1, nyuzi hushuka kama nusu milimita kwenye freti ya 12. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo hurekebisha mpindo wa shingo tu, na anayeizungusha kwa nguvu ili kushusha nyuzi anatafuta balaa. Jambo hili linamhusu pia mnunuzi: gitaa lililofika majuzi kutoka pwani yenye unyevu bado halijapita kiangazi chake cha kwanza huku, na unyoofu wake wa siku ya kununuliwa si ahadi.

Dhana: Mbao za gharama za mgongoni na ubavuni ndizo zinazotoa sauti.

Mwaka 1862 fundi wa Hispania Antonio de Torres alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu, akisisitiza kwamba kazi kubwa hufanywa na ubao wa mbele. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa 6 yaliyotofautiana katika mbao za mgongoni na ubavuni tu, na wapigaji ambao hawakuweza kuyaona walishindwa kwa kiasi kikubwa kuyatofautisha. Sisi ambao tumeona malori ya magogo ya mukula, mti wenye mbao nyekundu, yakiondoka Katanga tuna sababu ya ziada ya kutolipia hadithi za mti adimu. Kinachostahili kutazamwa ni ukingo wa shimo la sauti: mistari ya ubao wa mbele ikiendelea kutoka juu hadi ndani ya ukingo, ubao huo ni mzima, zikionekana tabaka, ni plaiwudi.

Dhana: Gitaa la nyuzi za nailoni litapata nguvu likifungwa nyuzi za chuma.

Huenda likang'oka daraja. Seti ya nailoni huvuta kwa takriban kilo 40, ya chuma hupita kilo 70.

Dhana: Muziki wangu umekwama kwa sababu ya gitaa.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Kilichonaswa ni gitaa moja lisilo na umeme, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikiimbisha nyuzi nyembamba. Kabla ya kulipa dola kwa gitaa lingine la aina ileile, jaribu kupiga hivyo kwenye lako, polepole, hadi besi isikatike. Ukigundua kwamba unataka kitu ambacho gitaa lako haliwezi kabisa, kama ulaini wa nailoni kwa wimbo wa misa, au nyuzi 12, au mwili mdogo usiochosha bega, basi hapo unajua la kumwambia muuzaji. La zamani usiliuze kwa bei ya kutupa: likifungwa nyuzi mpya na kupewa mpangilio mwingine wa sauti, litakuokoa kuzungusha vigingi vya kukazia nyuzi kati ya wimbo na wimbo.