Ombi lako la mafunzo limekwama kwenye mfumo? Angalia hapa kwanza

Ukifungua mfumo wa HR (rasilimali watu) wa taasisi nyingi, upande wa mafunzo unakuta maombi kibao yameandikwa "inasubiri" toka mwezi wa tisa huko, mwombaji keshakata tamaa anasema mfumo mbovu, bosi naye anasema hajaona kitu. Sisi tunaokaa na hii mifumo kila siku tunajua mara nyingi mfumo hauna kosa. Kilichokwama ni mtu, tena mtu ambaye hajui anachotakiwa kujibu pale.

Maana ombi moja la mafunzo lina maswali matatu na kila swali lina mwenyewe. Msimamizi wako anajibu kama kazi itaenda ukiwa haupo. HR anajibu kama hiyo kozi ipo kwenye mpango wa mafunzo na inaendana na kazi yako. Mhasibu anajibu kama hela ipo na inatoka kifungu gani cha bajeti. Sasa taasisi nyingine zimeweka ngazi sita, kila mkubwa anataka apite hapo aone, na ukimuuliza anaangalia nini anakwambia "naangalia tu". Ngazi ya kuangalia tu ifuteni jamani, mpelekeeni notifikesheni ajue, inatosha.

Tuanze na mwombaji. Sehemu ya sababu watu wanaandika "naomba kwenda kozi ya manunuzi kuongeza ujuzi", basi. Huyo msimamizi akubali nini hapo? Linganisha na hii ya mtu anayetumia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao: "Naomba mafunzo ya NeST siku 5 Dodoma, tarehe 10 mpaka 14, kwa sababu zabuni za idara naziingiza mimi na hatua ya tathmini bado nakwama, kazi zangu atashika fulani na tumeshaongea." Ombi kama hilo linapita, kwa sababu msimamizi hana cha kuuliza tena. Mfumo wa zamani wa TANePS ulipoachwa ikaja NeST mwaka 2023, watu wa manunuzi walikuwa na sababu ya wazi kabisa ya kuomba, lakini sababu ikiwa kichwani kwako tu mfumo hauioni.

Halafu gharama. Hapa ndo panaponikera, fomu nyingi zina sehemu moja tu ya ada ya kozi, mtu anajaza laki tatu, mkuu wa idara anaona rahisi anapitisha, ikifika uhasibu ndo inagundulika kuna nauli na posho. Toka Julai 2022 kiwango cha chini cha posho ya safari za ndani kwa watumishi wa umma Tanzania ni shilingi 100,000 kwa siku, kwahiyo siku tano tu ni laki tano, imeshaipita ada yenyewe. Kama mnatengeneza fomu upya wekeni ada, nauli na posho kila kimoja na sehemu yake na mfumo ujumlishe wenyewe, msimamizi aone jumla kabla hajabonyeza.

Kwa wanaofanya kazi kwa shifti, hospitali kwa mfano, ombi lisiposomana na rosta (ratiba ya zamu) ni balaa. Manesi wawili wa wodi moja wanaomba wiki moja, mmoja kapitishwa na in-charge (mkuu wa wodi), mwingine na kaimu wake, na rosta bado inawaonyesha wote wako zamu ya usiku Alhamisi. Ombi likikubaliwa tu zile siku zijifunge kwenye rosta hapohapo, isisubiri mtu akumbuke kuhamisha kwa mkono. Na anayeidhinisha aonyeshwe nani mwingine wa kitengo hicho hayupo tarehe hizo, likizo na uzazi vikiwemo.

Bosi akienda likizo je? Wengi wanaandika barua ya kukaimisha ofisi wanasahau kukaimisha kwenye mfumo, kaimu anakaa ofisini na mihuri yote ila maombi yanaenda kwa mtu aliyeko kijijini hana bando. Na kuna lile jingine la ajabu, mkuu wa idara anaomba mafunzo yake na ombi linamrudia mwenyewe aidhinishe. Likague kwenye mfumo wenu leo, muweke kwamba ombi lako haliwezi kuja kwako, lipande ngazi ya juu.

Kuhusu muda, mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, bajeti inapikwa miezi mingi kabla. Ukisubiri mwezi wa tatu ndo uombe kozi ya mwezi wa nne, na haikuwepo kwenye mpango, mhasibu hana roho mbaya, kifungu hakina hela. Kozi ndefu za diploma au masters zina utaratibu wake wa kibali cha mwajiri na mkataba, msizichanganye na kozi ya siku tano kwenye njia moja, zitakwamishana.

Kwa wenzetu wa Kenya tarehe ya kuidhinisha ina uzito wa pesa kabisa. Mwajiri analipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya huko, shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi na anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, ila ombi linatakiwa likubaliwe kabla kozi haijaanza, kwahiyo ombi likilala kwa meneja wiki tatu kampuni inaweza kukosa hayo marejesho.

Mwisho wasimamizi, ukikataa andika kwa nini. "Imekataliwa" peke yake inamfanya mtu aombe tena kilekile mwezi ujao. Kama shida ni tarehe tumia kitufe cha kurudisha kwa marekebisho, mifumo mingi inacho, mwombaji anabadilisha tarehe na ombi linaendelea na viambatanisho vyake vyote bila kuanza moja.