Kadi ya grafiki ya bei nafuu kwa kuhariri video: anza na faili la kamera

Mtu anaponiuliza anunue kadi gani ya grafiki kwa ajili ya kuhariri video, swali langu la kwanza huwa ni moja: kamera yako inarekodi faili la aina gani? Wengi hutarajia niulize bajeti. Lakini fedha ile ile inaweza kununua kadi itakayocheza klipu zako bila kukwama, au kadi yenye nguvu zaidi kwenye michezo ambayo haiwezi kuzifungua klipu hizo hata kidogo.

Sababu imo katika muundo wa kadi yenyewe. Ndani yake kuna sehemu kubwa ya kukokotoa, ambayo ndiyo inayosifiwa kwenye matangazo na ndiyo inayopandisha bei, na pembeni yake kuna saketi ndogo ya pekee ambayo kazi yake ni kufungua video zilizobanwa, na kuzifunga (yaani kuzibana upya), kwa kodeki, mbinu za kubana video, kama H.264 na H.265. Video za namna hii hazihifadhi kila fremu nzima. Fremu nyingi huandikwa kama tofauti tu na fremu za jirani, hivyo unapoburuta kishale kwenye taimlaini, kompyuta hulazimika kuitafuta fremu kamili iliyo karibu na kuanzia hapo kuijenga upya ile unayoitaka. Saketi ikiitambua aina ya faili, kazi hiyo huisha papo hapo. Isipoitambua, mzigo wote huangukia prosesa, na prosesa ikiwa ya zamani, picha huanza kurukaruka.

Chukua klipu moja uifungue kwa MediaInfo, programu ya bure, kisha usome kodeki, kina cha biti (idadi ya biti kwa kila rangi) na mgawanyo wa rangi (kiasi cha taarifa za rangi kinachohifadhiwa, kinachoandikwa kama 4:2:0 au 4:2:2). Ukikuta 4:2:0 na biti 8, kama ilivyo kwa simu nyingi na kamera kama Sony a6400, huna la kuhofia, kwa kuwa karibu kila kadi ya miaka ya karibuni inaifungua. Ukikuta 4:2:2 na biti 10, ambayo hupatikana kwenye Sony a7 IV au FX30, tulia kwanza, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Kadi za Nvidia zilizotangulia familia ya RTX 50 ya mwaka 2025 hazina saketi ya kufungua 4:2:2, na hilo linaihusu hata RTX 4090. Kwa upande mwingine, grafiki iliyomo ndani ya prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha 11 huifungua 4:2:2 ya H.265 bila kadi yoyote ya ziada, mradi jina la prosesa lisiishie na herufi F, maana hizo hazina grafiki ya ndani. Kadi za Intel Arc nazo zinaiweza. Intel haiifungui 4:2:2 ya biti 10 iliyobanwa kwa H.264, kwa hiyo mwenye Sony anayetegemea Intel ni vyema arekodi kwa XAVC HS, muundo wa Sony unaotumia H.265, badala ya XAVC S unaotumia H.264, pale ambapo kasi ya fremu anayoihitaji inapatikana humo.

Wahariri wengi wa video za harusi hapa kwetu, Dar es Salaam hadi Nairobi, hufanyia kazi kompyuta za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Kwenye mashine hizo, umeme na nafasi ndivyo vinavyoamua. Tundu la kadi hutoa wati 75 tu, pawa saplai mara nyingi haina waya wa ziada wa kadi, na kasha jembamba hukubali kadi fupi pekee. Chaguo langu hapo, kwa mwenye klipu za 4:2:0, ni RTX 3050 ya gigabaiti 6, inayotumia wati 70 na isiyohitaji waya wa ziada. Arc A380 nayo ni nzuri sana kwa video, ila kadi za Arc hudorora pasipo Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, na madabodi nyingi za zamani hazina uwezo huo. RX 6400 ya AMD isikushawishi kwa bei yake: haina kabisa saketi ya kufunga video, kwa hiyo kila unapotoa kazi ya mwisho prosesa ndiyo itakayotaabika.

Kumbukumbu ya kadi ni jambo la pili, na linahitaji hesabu. Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, huichakata kila pikseli kwa njia 4 (chaneli za picha), na kila njia huchukua baiti 4. Fremu hiyo moja ikiwa wazi hufikia takriban megabaiti 133. Ukiongeza kupunguza chenga kunakolinganisha fremu kadhaa kwa pamoja, pamoja na tabaka za rangi na maandishi, utaona kwa nini kadi ya gigabaiti 4 hutoa onyo kwamba kumbukumbu imejaa. Kwa 1080p gigabaiti 6 zinatosha. Kwa 4K mimi hushauri 8 kwenda juu. Mwenye kasha kubwa na pawa saplai nzuri atafute RTX 3060 ya gigabaiti 12 iliyotumika, akihakikisha si ile ya 8 iliyotoka baadaye yenye njia nyembamba ya kumbukumbu. Ikiwa anataka kadi mpya na madabodi yake si ya zamani, aiangalie Arc B580, nayo ya gigabaiti 12.

Kadi iliyotumika usiilipie kabla hujaiona ikifanya kazi. Endesha GPU-Z, programu ya bure inayoweka alama kwenye kadi nyingi za kughushi, zile ambazo chipu ya zamani imebadilishiwa jina ili ionekane ya kisasa. Kisha cheza klipu yako mwenyewe ndani ya programu unayohariria, huku ukitazama kwenye Task Manager kipimo cha kufungua video. Kipimo kikibaki sifuri ilhali prosesa imefika asilimia 100, kadi hiyo haikusaidii kufungua klipu zako.

Na kama fedha haitoshi kwa sasa, sioni haja ya kununua kadi dhaifu kwa pupa. Resolve na Premiere Pro zote hutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu zako. Ziandae kwa 1280 kwa 720 katika DNxHR LB, kodeki ambayo kila fremu hujitegemea, uziweke kwenye SSD, uziache zitengenezwe usiku, na asubuhi utakata hata kwa prosesa ya zamani. Wakati wa kutoa video, programu hurudi kwenye mafaili asili.